Swali la Mzee Ooko Kuhusu Kondo la Nyuma

Wasikilizaji wapendwa, leo mnisamehe, salamu zitakuja baadaye. Kwanza kuna jambo la kurekebisha.

Mwezi wa tisa mwaka jana, kwenye kituo hiki, kwenye kiti hiki kilicho mbele yangu, alikaa mwanasayansi wa hapa Kisumu, Daktari Wendy Mwihaki. Alikuwa amegundua jambo kubwa kuhusu jinsi mtoto anavyoumbwa tumboni. Nikamuuliza, "Daktari, hili wazo ulilitoa wapi?" Akanijibu, "Terry, siku moja nilijiuliza tu, mbona hatutazami kondo la nyuma?" Mlipiga simu za pongezi hadi laini zikajaa. Mimi nami nilimpigia makofi hewani, mlinisikia.

Maneno yale hayakuwa kweli. Daktari Wendy hakujiuliza. Aliulizwa.

Aliyemuuliza anaitwa Mzee Ignatius Ooko, mkazi wa Kaloleni, mzaliwa wa Uyoma. Mzee Ooko alitutoka mwezi uliopita, akiwa na miaka sitini na mitatu. Kipindi cha leo ni cha kumkumbuka yeye. Mengi ya nitakayosema nimeyatoa kwa Daktari Wendy mwenyewe, na mengine kwa Milka, binti ya marehemu. Wote wawili wamenipa ruhusa nisifiche kitu.

Haya, tuanze pale Mzee Ooko alipoanzia.

Mwaka wa elfu moja mia tisa tisini na tano, kijana mmoja mrefu kutoka Uyoma aliajiriwa kufagia kwenye taasisi moja ya utafiti hapa mjini. Jina la taasisi tunaliacha. Alifagia korido, akafagia ofisi, kisha mwaka huo huo akapelekwa kufagia nyumba ya panya. Panya wa maabara, wasikilizaji, si hawa wanaotutafunia unga. Ni panya weupe, wanalala kwenye masanduku safi, wanakula kwa ratiba kuliko baadhi yetu. Ooko aliwapenda. Akaanza kuwajua mmoja mmoja. Wakubwa wakaona ufagio unampotezea wakati, wakampa panya awalee.

Miaka ishirini na sita alikuwa na panya hao. Nasema tena, ishirini na sita. Kila asubuhi saa kumi na mbili alikuwa ameshafika, koti jeupe limenyooshwa, penseli mfukoni. Koti hilo alishonewa na Milka, ambaye ni fundi wa sare za shule kule Manyatta. Mfuko wa penseli aliushona mara mbili, maana baba yake alizoea kuuchana.

Kazi ya asubuhi ilikuwa kuangalia panya jike gani amepandwa. Ukimkosa asubuhi hiyo, umepoteza hesabu ya siku za mimba, na katika kazi ile siku ndiyo kila kitu. Panya hubeba mimba takriban siku ishirini. Siku ya kumi ni kama katikati ya safari. Vijana wenye shahada walikuwa wanakosea hizo siku. Mzee Ooko hakuwa anakosea.

Sasa Daktari Wendy anaingia. Wengi mnamjua baba yake, Mzee Kangethe, anayeuza vipuri vya baiskeli na pikipiki mjini tangu zamani. Wendy alizaliwa hapa, akasomea hapa, Dholuo anakizungumza cha sokoni na cha matanga. Akaenda ng'ambo, akarudi na shahada ya udaktari wa sayansi na jeni moja aliyotaka kuichunguza.

Jeni ile ina jina refu la herufi na namba, sitawachosha. Pale maabara waliiita Namba Saba. Kazi yake nilielezwa hivi. Mtoto tumboni huanza kama kitone kidogo cha seli zinazofanana. Ili seli hii iwe moyo na ile iwe mfupa, lazima ziambizane. Jeni ya Namba Saba hutengeneza protini ambayo ni mjumbe. Inatoka kwenye seli moja, inaenda kubisha kwa jirani, inasema, fanya kazi hii. Mjumbe asipofika, jirani anakaa bure.

Daktari Wendy alikuwa na panya waliokosa jeni hiyo. Watoto wao walikuwa wanakufa tumboni. Siku ya kumi, siku ya kumi na moja, wamekwisha. Na kila mmoja alipopasuliwa, alionekana mdogo, mweupe, moyo umevimba. Kwa hiyo Daktari Wendy akasema, Namba Saba ni mjumbe wa moyo. Akaomba ufadhili kwa jina la moyo. Mlango wa ofisi yake ulikuwa na picha ya moyo.

Mwaka wa elfu mbili na kumi na tisa, asubuhi moja, walikuwa watu watano kwenye meza ya upasuaji. Mzee Ooko ndiye aliyekuwa akitoa watoto kwenye mfuko wa uzazi kwa koleo ndogo, maana mikono yake haikutetemeka. Kila mtoto aliwekwa kwenye sahani. Kila kondo la nyuma, ambalo siku ya kumi ni dogo kama ndengu, lilitupwa kwenye ndoo. Huo ndio ulikuwa utaratibu. Hakuna aliyelitazama.

Mzee Ooko akasimamisha mkono. Akasema, "Daktari, hii biero ya hawa watoto wenye wanakufa iko nyembamba. Iko kama karatasi. Ya wenzao iko nene. Mbona tunatupa bila kuangalia?"

Biero ni kondo la nyuma kwa Dholuo. Msikilizaji wa ng'ambo ya ziwa asiyejua, nikueleze. Mtoto akizaliwa, biero yake haitupwi. Huzikwa nyumbani kwao, na ukitaka kujua kwao mtu ni wapi, uliza biero yake ilizikwa wapi. Daktari Wendy alilijua hilo tangu utotoni. Na kulijua kwake ndiko kulikomponza. Alimsikia mzee wa Kijaluo akitaja biero, akafikiri anahubiriwa mila. Maneno ya nyembamba kama karatasi aliyasikia pia. Ameniambia hivyo mwenyewe, hataki kujitetea kwamba hakusikia. Aliyasikia, akayaruka.

Akamwambia, "Mzee, hawa ni panya. Panya hana dala."

Dala ni boma, ni nyumbani. Meza nzima ikacheka. Kuna aliyecheka mpaka akaangusha koleo. Mzee Ooko naye alitabasamu, akarudi kwenye kazi yake.

Lakini tangu siku hiyo hakutupa tena. Alichukua vichupa vidogo vya kioo, vile vya dawa ya sindano vilivyokwisha kazi, akavichemsha. Kila kondo akalitia kwenye kichupa chake na spiriti. Ndani akaweka kipande cha karatasi, namba ya mama, na mtoto alikuwa wa ngapi kwenye mfuko, kutoka kushoto au kulia. Aliandika kwa penseli. Spiriti hula wino, penseli haili. Akaziba, akayeyushia mshumaa juu ya kifuniko ili hewa isipite. Akapanga kwenye katoni chini ya sinki la nyumba ya panya. Hakuna aliyemtuma. Muda wake wa chai ndio ulikuwa unaishia huko.

Miaka miwili ilipita hivyo.

Mwaka wa elfu mbili ishirini na moja, wakaguzi wa usalama wa maabara wakatangaza ziara. Unajua mgeni akisema anakuja jinsi mwenye nyumba anavyovurugika. Daktari Wendy alipita kila kona, akafika chini ya sinki, akavuta katoni. Vichupa zaidi ya mia tatu. Katoni tatu zimejaa biero ya panya na nta ya mishumaa.

Alishikwa na aibu, na aibu ikamgeukia hasira. Aliwaza, wakaguzi wakiona hivi watasema hapa tunafanya uganga. Akamwita Mzee Ooko.

"Hii ni nini, Mzee?"

"Ni zile za watoto wa Namba Saba, Daktari. Nimeweka pole pole."

"Nani alikwambia uweke?"

"Hakuna. Lakini siku moja mtataka kuziangalia."

Daktari Wendy hakuuliza zaidi. Siku hiyo hiyo aliandika barua kwa utawala kwamba mfanyakazi Ooko amehifadhi mabaki ya wanyama bila idhini, kwa sababu zisizo za kisayansi. Sababu zisizo za kisayansi. Maneno hayo ni yake, nakala ya barua ninayo hapa. Kisha akatia sahihi fomu inayosema vichupa vyote vimeteketezwa mbele yake. Havikuwa vimeteketezwa mbele yake. Alitia sahihi akiwa ofisini, akijua Wandera, mchomaji wa tanuri la taka, atamaliza.

Barua ilifanya kazi yake. Mzee Ooko hakufukuzwa. Alihamishwa, akapewa slasha.

Wasikilizaji wapendwa, mtu aliyekuwa akishika kijusi cha siku ya kumi bila mkono kutetemeka, alimalizia miezi minane ya mwisho ya ajira yake akikata nyasi. Na nyasi zenyewe ziko mbele ya dirisha la Daktari Wendy. Kila asubuhi alimwona. Kila asubuhi mzee aliinua kofia, "Oyawore, Daktari." Umeamkaje. Naye akajibu, "Oyawore, Mzee," akashusha pazia. Ameniambia mwezi wa tatu wa nyasi hizo alihamisha meza yake upande mwingine. Akajiambia ni kwa ajili ya mwanga.

Milka anakumbuka jioni ambayo baba yake alirudi na koti lile jeupe mkononi. "Alilifua yeye mwenyewe," Milka aliniambia. "Akapiga pasi, akatundika nyuma ya mlango. Nikamuuliza, Baba, umefanya nini huko? Akasema, hakuna, nyasi imekuwa mrefu. Sasa hiyo ni jibu gani?"

Mzee akastaafu. Panya wa Namba Saba nao wakaisha, ufadhili ukakatika, masanduku yakapewa watu wengine. Daktari Wendy akabaki na makala moja aliyoiandika kuhusu moyo, akaituma kwenye jarida. Alikuwa ameweka matumaini yake yote pale. Bila makala ile mkataba wake wa kazi haungeendelea.

Majibu yalikuja mwaka wa elfu mbili ishirini na tatu. Wahakiki waliandika kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza ulisifu. Wa pili ulikuwa na mstari mmoja tu: Je, waandishi walichunguza kondo la nyuma? Moyo unaweza kuvimba kwa sababu mtoto hapati damu ya kutosha kutoka kwa mama.

Aliusoma akiwa amesimama, akakaa. Swali lile lile. Lilikuwa limetoka ng'ambo, limechapwa kwenye karatasi nzuri, na safari hii hakuna aliyecheka.

Panya hawapo. Makondo yametupwa. Yaliyohifadhiwa, yeye ndiye aliyeyatia sahihi yachomwe. Alikaa na barua hiyo siku nne. Siku ya tano alipiga moyo konde, akaenda Kaloleni.

Zile nyumba za zamani za baraza mnazijua. Mzee Ooko alikuwa nje, anabandika kiraka kwenye mpira wa baiskeli. Alipomwona hakushtuka. Akafuta mikono, akatoa stuli.

"Nyar Kangethe," akamwita. Binti wa Kangethe. Tangu aanze kazi hajawahi kumwita hivyo, siku zote alikuwa Daktari. "Mpira huu nilinunua kwa mzazi wako kabla hujazaliwa. Sasa imechoka. Kaa, chai inakuja."

Chai ikaja. Daktari Wendy hakuweza kuinywa. Akasema, "Mzee, nimekuja kuuliza kuhusu zile vichupa. Najua nilisema zichomwe. Nilitaka tu kujua kama labda..."

"Ziko."

"Ziko wapi?"

"Pale pale kazini. Nyuma ya tanuri. Ile wiki ulisaini, tanuri ilikuwa imeharibika, umesahau? Nikaambia Wandera, ikitengenezwa choma vitu zote, lakini hizi wacha, hizi bado hazijaulizwa. Wandera ni mtu wa Port Victoria, mbishi sana, lakini ukimwambia kitu anashika. Nikiwa kwa nyasi nilikuwa napitia kuangalia nta. Sasa ni yeye anaangalia."

Daktari Wendy alianza kulia. Mzee akamtazama, akasukuma kikombe karibu naye.

"Kunywa kwanza. Spiriti haiendi mahali."

Hakumwuliza kuhusu barua. Hakumwuliza kuhusu nyasi. Alitaka kujua kitu kimoja tu. "Ukishaangalia," alisema, "utakuja kuniambia kama ilikuwa nyembamba kweli? Macho yangu ilikuwa imeanza kuchoka. Pengine nilikosea."

Akaahidi. Wasikilizaji, Daktari Wendy aliahidi, kwenye stuli ile, mbele ya baiskeli ile, kwamba atakuja kumwambia.

Alivikata vile vikondo vipande vyembamba, akavitia rangi, akaviweka chini ya darubini. Kwenye kondo la kawaida, mishipa ya mtoto inajisokota ndani ya damu ya mama kama mizizi ya gugumaji, karibu karibu, chakula kinavuka. Kwenye kondo la watoto wa Namba Saba, mishipa ilifika ukingoni ikasimama. Mjumbe hakufika kondoni. Kondo halikujua lijenge nini, likabaki jembamba. Karatasi, kama mzee alivyosema. Na kwa vile kila kichupa kilikuwa na namba ya mama na nafasi ya mtoto, aliweza kuoanisha kila kondo na mtoto wake kwenye daftari la maabara. Hakukosa hata kimoja.

Wenzake wa ng'ambo wakamalizia. Walitengeneza mimba ambazo mtoto amekosa Namba Saba lakini kondo lake ni zima. Siku ya kumi ikapita. Ya kumi na moja ikapita. Mioyo ikawa inapiga vizuri tu. Miaka yote ile moyo haukuwa na kosa. Watoto walikuwa wanakufa njaa, na daktari wao ameshughulika na picha mlangoni.

Panya si mtu, na hapa hatutangazi tiba. Lakini kina mama waliopoteza mimba wakaambiwa hatujui kwa nini, wanaelewa uzito wa kujua pa kutazama.

Katikati ya vichupa hivyo, Daktari Wendy alikuta cha kwanza kabisa, cha ile asubuhi ya kicheko. Karatasi ya ndani ilikuwa na maneno mengi kuliko nyingine. Akaisoma. Akaikausha, akaitia kwenye bahasha, akaifungia kwenye droo. Hakumwonyesha mtu yeyote.

Kisha akaandika makala upya. Nilimuuliza kwa nini hakuweka jina la Mzee Ooko. Hakukwepa. Alisema kuliweka kungemlazimu aeleze vichupa vilitoka wapi. Kueleza vichupa ni kueleza fomu aliyosaini ya uongo. Kueleza fomu ni kueleza barua. Kwa hiyo mwishoni kabisa, pale kwenye shukrani, aliandika mstari mmoja: Tunamshukuru I. Ooko kwa kutunza panya.

Kutunza panya, basi.

Makala ikatoka. Mkataba wake ukaendelea. Sisi redioni tukamwalika. Akakaa kwenye kiti hiki, nami nikamuuliza wazo lilitoka wapi, naye akajibu vile mlivyosikia. Anasema neno lile, nilijiuliza, lilimtoka kabla hajalipima, na likishatoka aliona nimefurahi, akaliacha.

Na Kaloleni hakwenda. Wiki hii kuna mkutano, wiki ijayo kuna wageni, nitaenda Krismasi, nitampelekea sukari na makala yenyewe. Mwezi wa kwanza Mzee Ooko alianguka bafuni, presha. Alilazwa siku tatu. Ya nne hakuiona.

Daktari Wendy alipata habari kwa Wandera. Alikwenda Kaloleni siku hiyo hiyo. Viti vya kukodi vilikuwa vimeshapangwa, kina mama wa kanisa wanaimba. Akamkuta Milka ndani, amekaa chini ya lile koti jeupe, bado limetundikwa nyuma ya mlango.

Alimwambia kila kitu. Swali, kicheko, barua, fomu, droo. Milka alisikiliza bila kumkatiza. Halafu akasema, "Si tulikuwa tunakusikiliza."

"Wapi?"

"Kwa redio. Mwezi wa tisa. Baba aliitisha betri mpya. Akaniambia Milka zima hiyo cherehani, daktari wangu anaongea. Nikazima. Tukasikia. Uliposema umejiuliza, mimi nilisimama. Nikasema Baba, si hii ni ile maneno yako? Si wewe ndio uliuliza?"

"Akasema nini?"

"Akasema, 'Ameuliza vizuri.'" Milka alitazama lile koti. "Halafu akasema, 'Kumbe ilikuwa nyembamba kweli.' Akaenda kulala."

Wasikilizaji wapendwa, Mzee Ooko alipata jibu lake kwenye kipindi chetu. Hivyo ndivyo alivyojua kwamba macho yake hayakukosea. Kupitia mdomo wa mtu aliyelichukua swali lake, na makofi yangu nyuma.

Daktari Wendy alipiga magoti akaomba msamaha. Milka akamwinua, lakini hakumpa alichotaka. "Mimi hukunikosea," alisema. "Na mwenye ulikosea hawezi kujibu. Hiyo kitu ulisemea redio. Rudi useme redio."

"Milka, nitapoteza kazi."

"Baba yangu alikata nyasi miezi minane. Hakufa na hiyo."

Mzee Ignatius Ooko alizikwa Uyoma, Jumamosi, kwenye boma ambamo biero yake ilizikwa miaka sitini na mitatu iliyopita. Alivishwa lile koti. Milka alitia penseli mpya mfukoni, ameichonga mwenyewe. Daktari Wendy alisimama nyuma, karibu na Wandera. Hakuitwa kuzungumza, naye hakuomba.

Jumatatu yake aliandikia taasisi, akakiri fomu na barua. Amesimamishwa kazi wakati wanachunguza. Ameandikia jarida pia, akitaka jina la Ignatius Ooko liwe la kwanza kwenye makala ile. Jarida limejibu kwamba litafikiria. Hatujui litaamua nini.

Kisha akaja hapa. Tulikusudia aseme mwenyewe. Tulimwekea maikrofoni, tukajaribu mara tatu. Mara zote tatu alianza na neno mimi, akakwama. Mwishowe akavua vipaza sauti vya masikioni. Akasema, "Terry, simulia wewe. Nikisimulia mimi, itakuwa habari yangu tena." Sasa amekaa upande wa pili wa kioo. Amesikia kila neno. Hajainua uso.

Kwa Milka na jamaa yote ya Mzee Ooko, Kaloleni na Uyoma, poleni sana. Mungu awafariji. Wandera wa tanuri, asante kwa ubishi wako. Na kwangu mwenyewe, Mzee, nisamehe. Nilikuwa na nafasi ya kuuliza swali la pili siku ile, kwamba ni nani mwingine alikuwa mezani. Sikuuliza.

Nanyi mnaosikiliza, kabla hamjazima redio, kumbukeni mtu mmoja aliyewahi kuwaambia kitu cha maana mkamcheka kwa sababu ya koti lake, au lugha yake, au ufagio wake. Kama bado yu hai, mtafuteni leo. Msingoje Krismasi.

Daktari Wendy ameniachia ile bahasha ya kwenye droo. Jioni hii inakwenda kwa Milka. Ameomba niisome kwanza, ili ibaki hewani badala ya yale ya mwezi wa tisa. Ni kipande cha karatasi, kidogo kuliko kidole gumba. Kimekaa kwenye spiriti miaka minne. Nasoma.

"Siku ya kumi. Mama namba thelathini na moja. Wa pili kutoka kulia. Biero nyembamba. Muulize daktari."

Penseli haijafutika.